Watani Walio Ndani ya Damu

Daktari alimwambia binti yangu, mbele yangu, kwamba mwili wake unajipiga wenyewe. Nikamwuliza, "Unajipiga kwa kosa gani?" Akatabasamu, kisha akaona mimi sitabasamu, akakaa sawa kwenye kiti.

"Mzee, hakuna kosa," akasema. "Kinga yake inawadhania watu wa nyumbani kuwa ni wageni."

Ugonjwa wenyewe unaitwa lupasi. Binti huyu ni kitindamimba wangu, mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja huko Bukene. Ulimwanza kwenye vidole, akawa hashiki chaki mpaka jua lipande. Halafu mabaka mekundu yakamkaa mashavuni, kulia na kushoto, yakavuka pua. Nywele zikawa zinatoka na kitana. Yeye akasema ni uchovu, na sisi tukaupokea huo uchovu kwa sababu walimu wote wamechoka. Miguu ilipovimba, na mkojo ukawa na povu kama maji ya kufulia, nilimfuata kwa gari nikamleta Tabora. Daktari akapima, akasema protini inavuja kwenye figo, na figo zikiachwa zivuje hivyo zitakufa zote mbili. Hakuzungusha maneno, nami nikampenda kwa hilo. Tangu siku ile nyumba yangu ilikuwa na jambo moja tu: figo za mwanangu zipone au zife.

Akaandika vidonge, akaeleza namna ya kuvimeza, na mwisho akasema maneno ambayo nilijua hapo hapo yatatuletea kazi. "Dawa hizi zitashusha kinga kidogo." Dada yangu alikuwa amekaa nyuma yetu, pochi mapajani. Niligeuka, nikamwona anaikumbatia ile pochi kama mtu aliyesikia mwizi mlangoni.

Kijana anayesoma haya huenda asielewe. Sisi wa umri wangu neno kinga hatukufundishwa darasani, tulifundishwa makaburini. Kulikuwa na miaka ambayo redio ilisema upungufu wa kinga mwilini asubuhi na jioni, na ukisikia fulani kinga yake imeshuka, ulijua turubai la msiba haliko mbali. Dada yangu alizika mwana na binti kwa ugonjwa ule, kabla dawa hazijafika huku kwetu. Aliwanywesha uji kwa kijiko, akawabeba mgongoni watu wazima waliokuwa wepesi kama matete. Sasa anakuja kijana wa koti jeupe anasema huyu wa tatu naye atashushiwa kinga, tena kwa kutumia dawa.

Nasema wa tatu kwa sababu binti yangu ni wake vilevile. Mke wangu alifariki mtoto angali anatambaa, dada akamchukua, na binti alipopata ajira Bukene wakaendelea kuishi nyumba moja. Shangazi kwetu Wanyamwezi, sengi, ana kauli kwa mtoto wa kaka yake. Akisema mtoto hafanyi jambo hili, hafanyi, na baba mtu ukibisha unaonekana huna adabu.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Nimejenga mabani ya kukaushia tumbaku Goweko na vijiji vinavyoizunguka, kwa matofali niliyoyafyatua na kuyachoma mwenyewe, na nyumba hii ya Itetemia imetoka kwenye moshi ule. Wakulima waliosoma kuliko mimi walinifuata niwawekee moto, na bado wananifuata. Jambo nisilolijua nauliza, tena siulizi kwa aibu. Basi wiki ile ile nikamwita mwanangu barazani, tukaweka ungo wa karanga katikati tukawa tunamenya, nikamwambia anieleze ugonjwa wake tangu mwanzo, kwa Kiswahili cha watu.

"Baba, chembe nyeupe za damu unazijua?"

"Nimezisikia. Endelea."

"Kuna ukoo mmoja wa hizo chembe. Zinazaliwa kwenye uboho, ndani ya mifupa, zikiwa changa, hazijui lolote. Zinasafiri kwa damu mpaka hapa." Akajigonga kifuani, juu kidogo ya moyo. "Nyuma ya mfupa huu kuna tezi inaitwa thaimasi. Hiyo ndiyo kambi yao ya mafunzo. Ukiwa mtoto ni kubwa, ukizeeka inasinyaa."

"Kwa hiyo yangu imekwisha."

"Yako imebaki ya kuonjea tu. Usinikatize. Pale kambini zinaonyeshwa vipande vya mwili wenyewe. Kipande cha ini, cha ngozi, cha figo. Chembe isiyoweza kushika chochote inaachwa ife, haina kazi. Ile inayovamia vipande vya nyumbani kwa nguvu sana inauawa pale pale."

"Vizuri sana."

"Lakini zipo za katikati. Zinavishika vya nyumbani, kwa nguvu ya kuvitambua, siyo ya kuvirarua. Baadhi ya hizo haziuawi. Zinageuzwa zinakuwa za kutuliza. Mdudu akiingia, wenzao wanapigana. Mdudu akishakufa, hizi ndizo zinazosema basi, inatosha. Na mwenzao mmoja akitaka kumgusa mtu wa nyumbani, hizi ndizo zinazomshika mkono."

Niliacha kumenya. "Huyo ni mtani," nikasema.

"Nani?"

"Huyo unayemsema. Askari hawezi kumwambia askari mwenzake basi, watapigana. Mkubwa akisema, wanamwogopa, akigeuka wanaendelea. Anayeweza kuingia katikati ya watu wenye hasira, akawatukana, wakacheka, wakaacha, ni mtani peke yake. Na mtani naye anakujua ndani nje, ndiyo maana matusi yake yanafika."

Alinitazama kidogo, kokwa ya karanga mkononi. "Nitaitumia hiyo darasani," akasema.

"Itumie. Lakini hujaniambia anageuzwaje. Mtu hazaliwi anajua utani."

Hapo akachangamka, nikamwona mwalimu. Akaniambia chembe ina milango kwenye ngozi yake ya nje, na kila mlango una mgeni wake. Mlango wa kwanza ni ule unaoshika vipande vya nyumbani. Huo peke yake hautoshi. Lazima aje mgeni wa pili, kemikali inayotumwa na chembe nyingine, igonge mlango wake. Na jambo la ajabu, mgeni haingii ndani. Anagusa mlango tu. Aliyesimama nyuma ya mlango anamgusa wa pili, wa pili anamgusa wa tatu, mpaka habari ifike kwenye kiini, katikati ya chembe.

"Kama tunavyopokezana matofali," nikasema. Ukijenga bani refu, watu wanasimama mstari kutoka kwenye tanuru mpaka kwenye ukuta. Hakuna anayetembea. Tofali ndilo linalotembea.

"Ndivyo. Na mmoja tu kwenye mstari akiwa amelala, tofali halifiki."

"Likifika?"

"Likifika, kule kiinini linaamshwa agizo moja. Lina jina la herufi na namba, kama namba ya gari, usijisumbue nalo. Chembe yenye agizo hilo likiwa macho inakuwa mtani wako. Likilala, utani unaisha. Kuna watoto wanazaliwa agizo hilo limeharibika, baba. Mwili unawararua wangali wananyonya."

Nikarudi kwenye karanga. Kisha akaniambia la mwisho, ambalo ndilo lililoniingia zaidi. Watani wengine hawatoki kwenye ile kambi ya kifuani. Wanatengenezwa hukohuko nje, kwa mfano kwenye utumbo, kutoka kwa chembe ambayo bado haijachagua kazi. Inapelekewa ujumbe wa upole. Ujumbe huo ukija peke yake, chembe inakuwa ya kutuliza. Lakini ujumbe ule ule wa upole ukija pamoja na mbiu ya hatari, chembe ile ile inatoka na hasira, inakuwa miongoni mwa washambuliaji wabaya kabisa.

Mtu aliyekaa na tumbaku haelezwi hilo mara mbili. Jani ni lile lile, la shamba moja, limechumwa asubuhi moja. Likipata joto dogo likiwa bado na unyevu wake, linaiva njano ya limau, na mnunuzi analipapasa kama kitambaa. Joto lile lile, ukuta ukiwa na ufa unaopitisha upepo mkavu, jani linakauka na ukijani wake, na ukijani huo hautoki tena hata uuombee. Nikamwambia hivyo.

"Hizi afadhali, baba," akasema. "Nyingine zinaweza kugeuka tena, ujumbe ukibadilika."

"Basi Mungu kazitengeneza vizuri kuliko tumbaku. Sasa watani wako wewe wako wapi?"

Akapeperusha maganda ya karanga. "Waliosoma kunizidi bado wanabishana. Wengine wanasema kwa watu kama mimi ni wachache. Wengine wanasema wapo ila ujumbe hauwafikii wa kutosha, wamechoka. Kuna kemikali moja ambayo chembe zote zinaigombania, za kupigana na za kutuliza. Za kutuliza zinainywa sana, na zikiinywa, wapiganaji wanakosa."

"Wanafanya kama mtani msibani. Anamaliza pombe yote, wenye ugomvi hawapati ya kulewea."

Akacheka mpaka akashika mbavu, maana mbavu nazo zilikuwa zinamuuma. "Kwangu mimi hiyo pombe yenyewe ni haba. Kwa hiyo daktari anatumia vidonge. Vinawapunguza nguvu wanaopigana, ili figo zipate kupumua."

"Vinapunguza nguvu!" Sauti ilitoka mlangoni. Dada yangu alikuwa amesimama na bakuli la mchicha, na sijui alikuwa amesimama tangu lini. "Umesikia, kaka? Mwenyewe kasema."

Nikamwambia sikio lake linachagua. Akaniambia langu limezibwa na masizi ya mabani. Mwanangu akaangalia karanga.

Tulikwenda hivyo muda. Uvimbe ulipungua, vidole vikaanza kukunja, nikajua kazi inakwenda. Dada yangu alikuwa anachemsha mlonge na tangawizi na vitu vingine vya majani katika chungu, kuongeza kinga, alivyosema, kama nchi nzima ilivyochemsha miaka ile ya korona. Mimi na mlonge hatuna ugomvi, nimeula sana kama mboga. Daktari alipoulizwa alisema anachotaka yeye ni vidonge visiachwe, na chochote cha kunywa aambiwe kwanza.

Halafu asubuhi moja nikamwona binti anatoka chumbani macho yamejaa, kope nzito kama za mtu aliyelia usiku kucha. Viatu vilikuwa havimwingii. Nilimkalisha nikamwuliza neno moja tu: "Unameza?"

Hakunidanganya. "Nimeacha, baba. Shangazi kaniomba."

"Wewe mwalimu. Wewe uliyenifundisha mimi."

"Najua ninachokijua. Lakini alipiga magoti, baba. Shangazi yangu alipiga magoti mbele yangu, akanitajia watoto wake kwa majina. Ningefanya nini?"

Mtu aliyekubeba mgongoni akipiga magoti mbele yako, elimu yote inakaa pembeni. Sikumlaumu. Nilikwenda jikoni kwa dada.

Yaliyosemwa jikoni sitayaandika yote. Mimi ni mtu wa sauti kubwa, na yeye ni dada yangu. Nilisema ataua mtoto. Akasema mimi nimeshakubali wamuue kwa karatasi ya hospitali. Nikasema yeye si daktari. Akasema, "Na wewe umezika nani? Nitajie mtoto uliyemzika wewe!" Kila nilichosema kilimpandisha, na kila alichosema kilinipandisha. Mwishoni akafunga kanga kiunoni akatamka kwamba Jumamosi anapanda treni ya Mwanza na binti, wanarudi Bukene, huko hakuna wa kumshushia mtoto kinga. Na binti angekwenda. Nilimjua.

Nilitoka nje nikasimama kwenye njia. Nyumba yangu iko kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita babu zetu na pembe mabegani kwenda pwani. Watu wanadhani walirudi na nguo na shanga tu. Walirudi na watani. Safari ndefu ile, mtu anachoka, anaugua, anafia nchi ya watu, na ni Wazaramo waliomzika na kumtukana akiwa kaburini, nasi tukawazika wao na kuwatukana vilevile. Ndivyo tulivyoelezwa. Nikapanda baiskeli, nikaenda stesheni kwa Mzaramo wangu.

Huyu alikuja huku na reli akiwa kijana, akastaafu na reli, akaoa huku, sasa anatengeneza baiskeli karibu na stesheni. Aliponiona hakunyanyuka.

"Mpagazi! Mzigo umeuacha wapi?"

"Nimemwachia mama yako anishikie."

"Mama yangu hashiki mizigo ya Wanyamwezi, ina chawa. Kaa. Sura gani hiyo? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Lakini nina kazi ya utani."

Nikamweleza yote, vidonge, figo, magoti, treni ya Jumamosi. Alisikiliza huku anazungusha tairi, na mara hii hakunikatiza kwa tusi lolote. Kisha akaniuliza, "Amelala au anatembea?"

"Anatembea, kwa shida."

"Basi nitakuja kabla ya hiyo treni. Wewe usiwepo karibu. Ukiwepo dada yako atapigana na wewe."

Alikuja Ijumaa asubuhi. Mimi nilikuwa uani nyuma ya banda la kuku, nasikia na kuona kila kitu. Alikuja na jembe begani, kamba mkononi, na kanga ya mke wake imefungwa kichwani, na alianza kulia tangu barabarani.

"Uwiii! Mwalimu wetu! Nani atatufundishia watoto wetu vyura na mende! Uwiii!"

Binti alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka. Yule mzee akapita moja kwa moja, akatandaza kamba kando yake kutoka utosini mpaka kisiginoni, akafunga fundo. "Mrefu huyu," akasema. "Shimo la kawaida halimtoshi."

Dada yangu alitoka jikoni na mwiko. "Wewe mla nazi! Umerukwa na akili? Nani kafa hapa?"

"Bado. Nimewahi. Nyinyi Wanyamwezi kila kitu mnachelewa, nimeona nichimbe mapema udongo ungali laini. Kaburi mnalitaka wapi, hapa au Bukene? Maana nimesikia maiti inasafiri kesho kwa treni, tena kwa kukaa."

"Toka kwa kaka yangu!"

"Sitoki bila jogoo. Na nataka kujua nani kaua. Kwetu anayeua ndiye anayepika, nisije nikakaa na njaa bure."

Niliona mwiko unapanda. Mtu mwingine yeyote angesema maneno yale, hata mchungaji wa kanisa letu la Moraviani ambako dada anaimba kwaya, angetoka pale na damu. Lakini mtani hapigwi. Ukimpiga umejidhalilisha mwenyewe, na unalipa faini. Mwiko ukabaki juu, hauna pa kutua.

"Dawa zile zinashusha kinga!" dada akapaza sauti. "Nimezika wawili kwa kinga kushuka. Wewe unajua nini?"

"Wawili wale nilikuwepo," Mzaramo akasema. Hakupunguza sauti, hakuweka uso wa huruma. Aliongea kama anayebishana bei ya spoku. "Msiba wa kwanza nililala kwenye jeneza la mwanao ukacheka. Wa pili nilivaa viatu vya marehemu, ukanimwagia uji, halafu ukacheka. Huyu wa tatu sitaki. Nakuambia mapema, mama. Huyu simchimbii, simchekeshei mtu. Nimechoka. Mtafute Mzaramo mwingine."

Akatupa jembe chini. Kisha akaingia jikoni, akatoka na kile chungu cha mlonge, akakiinua akanywa. Alikunywa na makapi yake, akaminya macho, akaendelea, mpaka kikawa kitupu, akakifunika kichwa chini kwenye kichanja.

"Chungu kama ulimi wako. Kinga yangu sasa imepanda mpaka kwenye ukosi. Jogoo wangu yuko wapi?"

Dada yangu alikaa chini kwenye kinu kilichogeuzwa. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko pia, vyote viwili pamoja, kanga mdomoni. Muda mrefu. Yule mzee akajifanya anahesabu kuku wangu.

"Nitakupa yule jogoo kilema," dada akasema mwishowe.

"Nipe kilema. Nimewazoea, si nimeishi na Wanyamwezi."

Akafuta uso. Akamwita binti kwa jina lake la utotoni. "Leta hivyo vidonge nivione."

Binti akaleta. Dada yangu hajui kusoma maandishi madogo, na hata angejua yale yameandikwa kwa lugha ya wengine, lakini alikigeuza kila kimoja kiganjani kama anachagua mbegu. "Niambie mimi," akasema. "Usiniambie kwa kumpitia baba yako. Wanangu mimi walikufaje, na wewe unaumwaje, kama siyo kitu kimoja?"

Ndipo mwanangu akamweleza, na hakuna siku nimemwona anafundisha vizuri kama ile, miguu imevimba, amekaa kwenye mkeka. Akamwambia wale ndugu zake waliingiwa na kirusi kilichowaua viongozi wa kinga mmoja mmoja, mpaka mlango ukabaki wazi na kila mdudu akaingia. "Mimi, shangazi, askari wangu hawajafa. Wapo wengi, wana nguvu kunizidi. Hawana wa kuwaambia basi. Ukiniongezea nguvu unawaongezea wao."

"Na hivi?"

"Vinawachosha."

"Na wa kuwaambia basi, watazaliwa?"

"Wanazaliwa kila siku. Wanahitaji vita vipungue wapate kukua. Penye kelele nyingi hata yule aliyekuwa awe mpole anatoka mkali."

Dada akafikiri. "Kama watoto wa nyumba ya walevi," akasema.

"Kama hao."

"Na homa? Kinga ikishuka homa hazitakuingia?"

"Zinaweza. Ndiyo maana nikipata joto tunakimbia hospitali siku hiyo hiyo, hatungoji."

Hilo la kukubali kwamba dawa nayo ina ubaya wake, nadhani ndilo lililomaliza ubishi. Dada yangu anamwamini mtu anayetaja na ubaya. Akainuka, akaleta maji kwenye kikombe, akasimama mbele ya binti mikono kiunoni mpaka vidonge vikashuka. Kisha akamwambia afungue mdomo, akachungulia chini ya ulimi.

Treni ya Jumamosi iliondoka bila wao.

Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Uso wa mwanangu ulivimba kwa dawa akawa mviringo, akawa hataki kupigwa picha. Mara moja joto lilimpanda, tukamkimbiza hospitali, akalazwa, na dada yangu akakaa kando ya kitanda anamtazama daktari kama polisi. Lakini povu liliondoka kwenye mkojo. Miguu ikarudi kuwa miguu. Tulipokwenda kliniki mara nyingine, daktari akasema protini inayovuja imepungua sana, figo zinafanya kazi, akapunguza kidonge kimoja. Akasema pia kwamba lupasi haiponi ikaisha, inatulizwa, na mtu anaishi nayo na kazi yake anafanya. Nilimpa mkono. Badala ya neno kubwa nikamwuliza kama baiskeli yake inahitaji kutengenezwa, ninamjua fundi.

Tukiwa nje tunangoja dawa, mama mmoja kando yetu alikuwa anamnong'oneza mwenzake kwamba mwanawe kaandikiwa dawa ya kushusha kinga, hatampa. Dada yangu hakuwa amealikwa katika mazungumzo yale. Aligeuka pamoja na kiti chake.

"Mama, kaulize. Wa kwangu kinga yake haikupungua. Ilizidi ikakosa adabu. Ingia kwa daktari umwulize huyo wako ni ipi, imepungua au haina adabu, ndipo uamue. Nenda, nitakushikia foleni."

Yule mama akainuka akaenda. Ni vigumu kumkatalia dada yangu.

Binti karudi Bukene, anashika chaki. Wanaishi nyumba ile ile na shangazi yake. Kila asubuhi, mimi nikiwa sijamaliza hata kunawa uso, simu inalia, na dada yangu hasemi hata habari za kuamka. Anasema, "Kameza," nami nasema, "Haya," anakata.